Jibu: Lubumbashi hadi Lusaka, peke yako

Dada, umeuliza kama usubiri mtu wa kufuatana naye hadi Lusaka au uende peke yako. Nenda! Mimi nilimsubiri binamu yangu miaka miwili, kila mwezi ana sababu mpya, mwishowe nikabeba begi langu.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, si mbali, kama kilomita 90 tu. Ila toka alfajiri, maana malori ya shaba yakishajipanga, hata mtu wa miguu anapita kwa kujibana. Paspoti na kadi ya njano ya chanjo vikae mkononi. Kadi yangu ilikuwa chini kabisa, chini ya viatu, nikafungua begi zima mbele za watu, mpaka bakuli la sombe, majani ya muhogo, alilonifungia mama. Mkaguzi akauliza kama kuna na bukari, yaani ugali. Aibu!

Vijana watakuzunguka na mabunda ya kwacha, pesa ya Zambia. Badilisha kidogo, na uhesabu mwenyewe, polepole, kabla dola yako haijatoka mfukoni. Noti iliyochanika iache nyumbani.

Ukishavuka, kumbuka magari kule yanapita kushoto. Chililabombwe, mji wa Zambia karibu na mpaka, nilitazama upande usiofaa, nikapigiwa honi mpaka moyo ukaruka. Kiingereza kisikutishe: kama nyumbani mnaongea Kibemba, kitakufikisha Kitwe bila shida, na mabasi ya Lusaka utayapata hapo.

Saa ni ileile ya kwetu, kwa hiyo nunua laini mapema umpigie mama. Hatalala, huyo.