Picha ya ubongo yenye rangi si cheti cha kupona

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Sakina, Arusha. Mdogo wangu alianguka na bodaboda mwaka jana na mgongo haujamwacha tangu hapo. Kuna mtaalamu hapa mjini anatibu kwa hipnosi, yaani anamtuliza mtu kwa maneno mpaka azame, kisha anampa maelekezo. Ametuonyesha picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya buluu, akasema Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wameshathibitisha. Sasa anataka mdogo wangu apige MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla ya vikao na nyingine baada, tuone ubongo ulivyobadilika. Je, itaonekana?

Jibu: Marahaba. Haitaonekana, na hela hiyo msiitoe.

Karatasi za namna hiyo naletewa sana hapa Moshi, zimeprintiwa steshenari. Cha kwanza ninachotafuta ni ule mstari mwembamba wa rangi wenye namba, unaokaa pembeni mwa picha. Mara nyingi umekatwa. Ndio unaosema rangi ina maana gani, na maana yake si joto, wala si wazo linalowaka kichwani. Ni takwimu tu: tofauti kati ya hali mbili ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na kuyumba kwa kawaida kwa vipimo. Rangi inapakwa na kompyuta baadaye. Mashine haijaona wekundu wowote.

MRI aliyoagizwa mdogo wako inaonyesha umbo: uvimbe, damu iliyovuja, kiharusi. Ni ramani ya Moshi; itakuonyesha soko la Mbuyuni liko wapi, haitakwambia leo kuna watu wangapi. Watafiti wa hipnosi hutumia MRI ya utendaji, inayofuatilia oksijeni kwenye damu. Badiliko lenyewe huwa asilimia chache tu, tena huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya kazi ya neva. Ndiyo maana hurudia kipimo mara nyingi, kwa watu wengi, kisha wakatafuta wastani. Doa jekundu mlilooneshwa huenda si la kichwa cha mtu yeyote mmoja.

Huo utafiti wa Stanford upo, ulitoka 2016, na ni mzuri. Lakini walianza kwa kuwapima watu 545 ni nani anaingia hipnosi kwa urahisi, wakachukua 36 walio wepesi kabisa na 21 walio wagumu wa kuwalinganisha nao. Kilichoangaliwa ni ubongo ukiwa ndani ya hipnosi. Hakuna aliyepimwa kama mgongo wake umepona.

Kuhusu maumivu, jaribio linalofaa kusomwa ni la mtafiti Pierre Rainville na wenzake, Montreal, Kanada, 1997. Watu waliingiza mkono kwenye maji ya nyuzi 47, na chini ya hipnosi wakaambiwa kero inaongezeka au inapungua. Eneo la ubongo liitwalo singuleti ya mbele, linalohusika na kero ya maumivu, lilifuata maneno hayo. Eneo linalopokea hisia za mwili halikubadilika hivyo. Kwa hiyo hipnosi inaweza kupunguza mateso ya maumivu, na mwanasaikolojia aliyesomea anaweza kuitumia sambamba na fiziotherapia. Pingili iliyosagika haisikilizi maneno.

Mwaka 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake, Marekani, walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekufa, kwenye mashine ya MRI ya utendaji, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" wanajisikiaje. Kwa hesabu za kizembe, ubongo wa samaki ukatoa madoa mekundu. Walikuwa wanawaonya wanasayansi wenzao. Hawa wa kwetu wenye karatasi za steshenari onyo hilo halijawafikia, au limewafikia wakaona halilipi.

Ukishaamini kwamba picha inathibitisha tiba, utaamini pia inathibitisha kupona. Hapo ndipo mgonjwa wa kifafa anaambiwa "ubongo umetulia, dawa acha", na wiki chache baadaye analetwa hospitali degedege haijakatika. MRI ya kichwa iliyo safi haimaanishi kifafa hakipo. Wenye kifafa wengi picha zao ni safi. Anayekuagiza kipimo bila barua ya daktari, bila hata kuuliza kama mwilini kuna chuma kilichowekwa baada ya ajali, muulize nani ataisoma hiyo picha na kuisainia.

Mdogo wako aonwe na daktari wa mifupa, mgongo upimwe wenyewe. Akianza kufa ganzi sehemu za siri au mapajani, miguu ikikosa nguvu, au mkojo ukigoma kutoka au ukimtoka bila kujua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

*Daktari bingwa wa radiolojia, Moshi*