Barua kwa mwanangu: swali la zamani lisiguswe ovyo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Umeniuliza kama kuna madhara iwapo mkuu wako huko Nairobi ataliandika upya lile swali la dodoso linalouliza ni nani huamua manunuzi ya nyumbani, kwa kuwa anaona maneno yake yamechakaa. Madhara yapo, tena makubwa, na kwa vile kazi ya usaili nimeifanya miaka mingi hapa Lamu na Malindi, nitakujibu kwa kirefu.

Utafiti mmoja hauonyeshi mabadiliko. Mabadiliko huonekana pale swali lile lile, kwa maneno yale yale, linapoulizwa tena na tena kwa watu waliochaguliwa kwa njia ile ile. Maneno yakibadilika, na majibu nayo yakabadilika, hutajua ni watu waliogeuka au ni swali. Utafiti wa General Social Survey, ulioanza Marekani mwaka 1972, umelionyesha jambo hili wazi: wahojiwa wakiulizwa kuhusu fedha za serikali za kuwasaidia maskini, wengi husema hazitoshi, wenzao wakiulizwa kwa neno welfare, yaani misaada ya serikali kwa wasiojiweza, neno ambalo huko limebeba lawama, wanaosema hivyo hupungua sana.

Hapa kwetu tazama utafiti wa FinAccess, unaopima jinsi Wakenya wanavyotumia huduma za fedha. Wa kwanza ulifanywa mwaka 2006, kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, na maswali yake ya msingi yakaendelea kuulizwa. Ndiyo sababu leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba Wakenya wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 wakati ule, na kufikia mwaka 2024 wakawa asilimia 84.8.

Hata hivyo, swali zuri halitoshi ikiwa hujali ni nani anayesikiliza jibu. Nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, nilimuuliza mke wa nyumba anapikia nazi ya namna gani. Mavyaa wake alikuwa ameketi pale pale akichambua mchele, na yule mke akajibu kwamba kwao nazi hukunwa kwa mbuzi kila siku, ya pakiti hawaijui. Nilipopita uani kutoka, niliona kapu la taka limejaa pakiti tupu za unga wa nazi. Sikulifuta jibu lake, wala wewe usingelifuta. Jibu lilinionyesha kinachoheshimiwa bado katika nyumba ile, na kapu likanionyesha kinachotendeka. Mtafiti wa soko anayerekodi yote mawili, mwaka hadi mwaka, huona tabia ikitangulia na heshima ikifuata nyuma polepole. Kwa sababu hiyo miaka ya 1930 kampuni ya utafiti wa soko ya Nielsen ilianza kuhesabu bidhaa zinazouzwa madukani, badala ya kutegemea maneno ya wanunuzi peke yake. Swali lenu la manunuzi nalo ni kama lile la nazi, jibu lake huweza kugeuka kulingana na anayesikiliza, kwa hiyo mke na mume wasailiwe kila mmoja peke yake, na msaili wa mwanamke awe mwanamke.

Jihadhari pia na umri. Vijana wakijibu tofauti na wazee, usikimbilie kuandika kwamba nchi imebadilika, kwani huenda nao wakifika umri wa wazee wao watajibu vivyo hivyo. Wafuate waliozaliwa miaka ile ile katika kila awamu, ndipo utatambua.

Basi mwambie mkuu wako, kwa adabu, kwamba awamu hii nusu ya wahojiwa, wateuliwe kwa bahati nasibu, waulizwe swali la zamani na nusu swali jipya, ili mpime tofauti inayoletwa na maneno yenyewe. Akikataa kwa sababu ya gharama, omba angalau mstari wa grafu ukatwe pale swali lilipobadilika, na sababu iandikwe chini yake, ili msomaji asiunganishe vipimo viwili visivyolingana.

Mama yako