Barabarani na Ukumbini: Kwa Vijana Wanaojiunga na Bendi Yetu

Wadogo zangu, karibuni. Mimi nilikulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala, ambako tulicheza mpira kwa Kiswahili na kuamshwa kwa tarumbeta, na sasa ni mwaka wa 12 nikiwa kwenye safu ya korneti, ile tarumbeta fupi, katika bendi hii ya shaba. Mzee wetu bendimasta ameniomba niwaandikie kabla ya mazoezi ya kwanza. Nitaeleza zaidi kuhusu mashindano ya mwaka jana, kwa sababu ndiyo yaliyotubadilisha.

Wengi wenu mnatoka bendi za shule na za makanisa. Mmezoea kupuliza huku mnatembea juani, mkiongoza mahujaji kuelekea Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, au mkiwatangulia wakwe siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni. Barabarani bendi hupimwa kwa umbali inakosikika. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ndiyo inayotununulia mafuta ya vali, vile vitufe vya kubadili noti, na kulipa nauli za teksi. Lakini mwaka jana tuliingia mashindano matatu, yote ndani ya ukumbi, na ya kwanza yalituumiza.

Ilikuwa Machi, ukumbi wa shule wenye paa la bati. Tulivaa sare mpya, tukapanda jukwaani kwa hatua moja, tukapuliza kwa nguvu zetu zote. Waamuzi walikaa nyuma ya pazia. Utaratibu huo umetoka Uingereza, ambako mashindano makubwa ya bendi za shaba yalianza Manchester mwaka 1853, na hadi leo fainali za taifa katika Royal Albert Hall, London, huamuliwa na watu waliofungiwa ndani ya kibanda wasione jukwaa. Zamu hupangwa kwa kura, kwa hiyo mwamuzi hajui anayepiga ni nani. Sare, hatua na tuba inayong'aa havimfikii. Anachopata ni sauti peke yake. Tulikuwa wa tano kati ya bendi sita, na karatasi ya mwamuzi ilieleza kwamba tangu mwanzo hadi mwisho tulikuwa na sauti ya ukubwa mmoja tu. Nilisoma karatasi ile mara nyingi. Alikuwa amesema kweli.

Tangu wiki ile, kila zoezi huanza kwa dakika 20 za noti ndefu, zikipulizwa kidogo kabisa, kama mtu anayepoza uji wa mtoto bila kuumwaga. Msidhani ni adhabu ya wageni. Ukipuliza kwa nguvu, pumzi nyingi huficha makosa: midomo iliyolegea, ulimi unaochelewa, noti iliyopanda kuliko ya jirani. Ukipuliza kidogo, kila kitu kinasikika, na usipokuwa na pumzi ya kutosha kutoka tumboni noti inakatika. Wiki mbili za kwanza korneti yangu ilikuwa inanyamaza katikati ya noti, mbele ya vijana niliowafundisha mimi mwenyewe. Vumilieni. Mwezi wa tatu mtaanza kumsikia mwenzenu wa kushoto, na hapo ndipo bendi inapoanza.

Msiegemee ngoma pia. Kwa miaka mingi mashindano ya Uingereza hayakuruhusu ngoma kabisa, na nadhani nafahamu faida yake: bila ngoma, watu 25 lazima washike mwendo kwa kusikilizana. Siku hizi tunafanya zoezi moja kila wiki bila ngoma, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kuhusu viti. Mgeni wa korneti atapewa sehemu ya tatu, na najua kuna atakayeona amedharauliwa kwa kuwa shuleni ndiye alikuwa akipiga wimbo wenyewe. Sehemu ya tatu ina noti za chini ambazo korneti yenyewe haizitoi sawasawa. D ya chini, inayopigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu pamoja, hupanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana mrija wa vali ya tatu una pete ya kidole: usukume nje kila unapoifikia noti hiyo. Bendi ambayo korneti zake za tatu hazifanyi hivyo, sauti yake yote huyumba, na anayelaumiwa ni mpigaji wa kwanza.

Anayehamishiwa ala nyingine naye asiogope. Katika bendi ya aina yetu karibu kila ala, kuanzia korneti ndogo hadi tuba kubwa, husoma ufunguo wa G, alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti zisomwe vipi, kwa vidole vilevile. Tromboni ya besi pekee ndiyo husoma ufunguo wa F. Tuna kijana aliyetoka korneti akaingia tuba, na baada ya miezi miwili alikuwa akisoma bila shida. Kilichomchelewesha ni pumzi.

Mashindano ya pili, Julai, nayaeleza kwa kifupi kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na vipimo 22 vya kunyamaza, yaani visehemu vya wimbo ambavyo sipulizi, nikahesabu 21, nikaingia peke yangu wakati ukumbi wote umetulia. Tangu siku ile naandika kwa penseli, juu ya vipimo vya kunyamaza, ni ala gani inayosikika kabla yangu. Eufoniamu, ile ala kama tuba ndogo, ikimaliza, najua zamu yangu imekaribia. Hesabu peke yake haitoshi mtu akiwa na woga.

Ala zetu nyingi ni za mkono wa pili na hatuna nyingine. Mwaga maji kabla ya kuifunga, paka vali mafuta, na kikombe cha mdomoni kikikwama usikivute kwa koleo. Ala ikipasuka nileteeni. Tuliwahi kupeleka tuba kwa fundi hodari wa madirisha, akaiunga kwa moto mkali uliopinda bomba lote, na hadi leo haijarudia sauti yake.

Jambo gumu kuliko yote ni Jumamosi. Arusi hulipa, mazoezi hayalipi, na wengi wenu mna karo za wadogo zenu mabegani. Hatutamwadhibu anayekwenda kutafuta pesa. Tunachoomba ni taarifa mapema, na wiki tatu kabla ya mashindano bendi haipokei kazi yoyote, hata ikiwa ni ya tajiri. Mwaka jana tulikataa kazi mbili kubwa Oktoba, na kuna wazazi waliokasirika. Novemba, katika mashindano ya tatu, tukawa wa pili kati ya bendi saba, na safari hii karatasi ya mwamuzi ilisifu mahali tulipopiga kidogo kuliko kote.

Mwaka huu tunataka nafasi ya kwanza, sifichi. Tunatafuta pia korneti ya soprano, ile ndogo ya E bemoli, kwa sababu sasa tunaziba pengo lake kwa kunakili noti zake upya. Na bendimasta anataka bendi ya watoto, ifundishwe nasi wenyewe kwa Kiswahili, ili mtoto wa kambini asilazimike kusubiri afike sekondari ndipo ashike ala. Uingereza tunaiota. Tiketi za watu 25 na zaidi hatuna, lakini nyimbo zinazopigwa huko katika daraja la nne la mashindano tumeanza kuzisoma, na moja tutaifungua nanyi.

Zoezi la kwanza ni Jumanne saa 11 jioni. Fika saa 10 na nusu uipashe ala moto kwa pumzi, maana ikiwa baridi hushuka sauti. Njoo na maji ya kunywa na penseli.