Usimtibu mtoto wa kwanza kabla hujapata wa kumlinganisha naye

Usianze Jumatatu. Nimesoma mpango wako mara mbili, ndugu yangu wa Mbale: watoto 20 wenye kigugumizi, umri wa miaka 3 hadi 5, unawarekodi, unawapa tiba miezi 6, unawarekodi tena, na tofauti itakayoonekana ndiyo tasnifu yako. Umeuliza kinasa sauti gani kinafaa, shahada ya pili usome wapi, kibali cha utafiti huchukua muda gani, na kama mtafiti wa kigugumizi anaweza kulisha familia hapa Uganda. Hayo yote yangoje.

Mpango huo niliwahi kuufanya mimi. Nilikuwa na watoto 26 mjini Jinja, wengi wa mtaa wa Walukuba, wengine wa familia za askari, nyumba ambazo mtoto huanza kusema kwa Kiswahili na Lusoga anakikuta nje. Kazi ilichukua miezi 14. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili ili nipate nauli za boda. Nilitumia tiba ya Lidcombe, ile iliyoanzia Sydney kwa mtafiti Mark Onslow na wenzake: mzazi ndiye anayeifanya nyumbani, anamsifu mtoto anaposema bila kukwama, anamsahihisha kwa upole na mara chache tu, na kila siku anampa alama, 0 kama hakuna kigugumizi kabisa, 9 kama kimezidi. Kila wiki nilipita nyumba kwa nyumba, nasikiliza, nahesabu silabi ambazo mtoto amekwama.

Mwishoni watoto 19 walikuwa wanasema vizuri. Yule aliyekuwa akisema "m-m-m-m-maji" mpaka machozi yanamtoka, sasa anaomba maji kama mwingine yeyote. Nilichinjiwa kuku. Nikaandika kwa fahari: tiba imefaulu kwa asilimia 73.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini kutoka nje aliniuliza swali moja tu. "Kama ungebaki nyumbani kwako ukalala, wangapi kati ya hawa 26 wangepona?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kazi ya Ehud Yairi na Nicoline Ambrose wa Chuo Kikuu cha Illinois, iliyotoka mwaka 1999. Waliwafuata watoto 84 tangu karibu na siku kigugumizi kilipoanza, kwa miaka isiyopungua minne. Waliopona walikuwa asilimia 74. Watoto wadogo wengi huacha kugugumia wenyewe, wasichana zaidi ya wavulana, hasa kama kwenye ukoo hakuna mtu mzima aliyebaki nacho. Mimi nina 73 yangu, na kuku nimeshakula.

Sisemi tiba haikufanya kitu. Labda iliwaponya watoto mapema kuliko ambavyo wangepona. Labda haikumsaidia hata mmoja. Data yangu haiwezi kusema lolote kati ya hayo mawili, na haitaweza kamwe, hata niichambue kwa programu gani. Miezi 14 ya kurekodi, na swali lenyewe halikuwahi kuulizwa.

Na nililiuliza! Mwezi wa kwanza kabisa nilimuuliza msimamizi wangu kama hatuhitaji kundi la kulinganisha. Aliniambia hayo ni mambo ya watu wenye fedha za Ulaya. "Mtoto umemwona kabla, umemwona baada, yatosha." Alisaini kila sura. Mtahini alipouliza, mtu yule aliinama akatazama simu yake hadi kikao kikaisha. Mpaka leo nikikumbuka ile shingo iliyoinama, damu inanichemka. Mwanafunzi hana wa kumwamini zaidi ya msimamizi wake, na msimamizi analijua hilo.

Tasnifu niliiandika upya, mwaka mmoja ukaenda. Huo si uchungu wenyewe. Uchungu ni wale watoto saba ambao hawakupona. Kwa kuwa niliamini tiba ndiyo iliyowaponya wale 19, nilikuwa nikiwaambia wazazi wa hawa saba kwamba tiba hufaulu mzazi akiifuata. Mama mmoja wa Walukuba, muuza mukene, wale dagaa, sokoni, alikuwa akirudi saa mbili usiku na bado anakaa na mwanawe dakika zake 15, hakosi hata siku moja. Daftari lake la alama lilikuwa safi kuliko yote. Mtoto akabaki vilevile. Akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nikampa jibu. Nikamwambia pengine hasifu vya kutosha. Nilimpa mama yule hatia ambayo haikuwa yake, kutoka kwenye utafiti ambao haukuonyesha kitu. Nilirudi baadaye kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini daftari alikuwa ameshalichoma.

Basi sikiliza. Mwaka 2005 jarida la tiba la BMJ lilichapisha jaribio la Lidcombe lililofanywa New Zealand, watoto 54, wamegawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi tisa, waliopata tiba kigugumizi chao kilipungua kwa asilimia 77. Wale ambao hawakupewa Lidcombe kilipungua kwa asilimia 43. Itazame hiyo 43. Kama wangelikuwa na kundi moja tu kama letu, wangeihesabu yote kuwa ni kazi ya tiba.

Gawanya watoto wako kwa kura, mbele ya wazazi, wachukue vikaratasi wenyewe. Kundi moja linaanza sasa, lingine linasubiri kisha linatibiwa lote. Huko si kuwanyima: unawarekodi kila mwezi vilevile, na anayezidiwa anatolewa kwenye foleni anatibiwa. Hilo liandike tangu mwanzo, kamati ya maadili watakuuliza. Muulize kila mzazi kigugumizi kilianza mwezi gani, maana mtoto aliyeanza wiki sita zilizopita na aliyeanza miaka miwili iliyopita hawana matarajio sawa. Mimi sikuuliza, na wangu wengi walikuwa wapya. Kuhesabu silabi usihesabu wewe. Mpe mtu asiyejua rekodi ipi ni ya kabla na ipi ya baada, na awe anakisikia Kiswahili na lugha ya nyumbani, asije akahesabu mtoto anayetafuta neno kuwa anagugumia.

Umesema pia utachukua wengine kutoka kituo cha yatima kwa sababu "kibali ni rahisi". Hapana. Mwaka 1939 huko Davenport, Iowa, mwanafunzi Mary Tudor, chini ya msimamizi wake Wendell Johnson, alitumia yatima 22, na baadhi yao waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa wanagugumia. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001. Urahisi wa kibali ndio uliowafikisha pale. Isitoshe Lidcombe inamhitaji mzazi, na yatima hawana.

Kinasa sauti chochote kitafaa, hata simu, mradi iwe karibu na mdomo wa mtoto na redio imezimwa.

Wapigie wazazi leo, uwaambie mmeahirisha wiki tatu. Kisha niletee hapa orodha ya watoto bila majina: umri, msichana au mvulana, kilianza lini, nani kwenye ukoo anacho. Nitakaa nawe usiku mzima tuyapange makundi mawili. Na kama msimamizi wako amekwambia kabla na baada yatosha, mwombe akuandikie hilo kwenye karatasi na aweke saini.