Swali la Lugha: Je, Kila Alga ni Mwani?

SWALI: Shule yetu inaandaa maonyesho ya picha kuhusu uzuri wa viumbe ambavyo wanasayansi huviita alga, nami nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili chini ya kila picha. Zimo picha za Mwingereza Anna Atkins, za viumbe vidogo mno vilivyopangwa kama maua chini ya darubini, za wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, za flamingo wa Ziwa Natron, na moja ya kasa akila baharini. Je, neno "mwani" linatosha kwa vyote hivyo? Mwalimu mmoja anapendekeza "ukoga", mwingine anasema ni "kuvu". Na wingi wake ni mwani au miani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kuvu tuliondoe kwanza, kwa kuwa hapo kosa si la lugha tu. Kuvu haijitengenezei chakula bali hula kilichokufa au kilicho hai, ilhali alga hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua. Ukoga, kwa upande wake, ni neno zuri lenye mahali pake, na mtu anayeuita ukoga ule utando wa kijani unaoteleza juu ya mawe ya mtoni au ndani ya pipa la maji hana haja ya kusahihishwa. Ila ukoga hutaja utando wenyewe na haujali umefanywa na nini. Utando wa meno nao ni ukoga, na hiyo ni kazi ya bakteria. Kwa maonyesho yanayokusudia kuonyesha wingi wa maumbo, neno linalotaja utelezi peke yake halitafika mbali.

Linabaki mwani, na hapa najua pingamizi litakalotolewa: kwamba Mpwani akisema mwani anakusudia kitu cha kushika kwa mkono, kile kinacholetwa na maji na kuachwa ufukweni, kwa hiyo si halali kumpa jina hilo kiumbe kisichoonekana kwa macho. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama wanasayansi wenyewe hawakufanya jambo lilelile. Kwa Warumi, alga ilikuwa mwani uliotupwa ufukweni, na washairi wao waliutaja kama mfano wa kitu kisicho na thamani. Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyeainisha viumbe na kuvipa majina, alipolichukua neno hilo katika orodha yake ya mimea ya mwaka 1753 alilitanua kupita kiasi, hata akawatia humo viumbe vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti, ambavyo leo tunaviita kuvumwani. Tazama basi neno hili kuvumwani, ambalo limekwisha zoeleka katika maandishi ya elimu ya viumbe: linataja ushirika wa kuvu na alga ndogo za hadubini, mara nyingi mbali kabisa na bahari. Aliyeliunda alikwisha kuutoa mwani majini na kuupandisha mtini, na wasemaji wakamkubalia. Kwa maoni yangu, safari hiyo haina haja ya kurudishwa nyuma.

Sharti ninaloliweka ni moja, nalo ni kuepuka kuandika kwamba mwani ni "mmea" katika kila maelezo. Alga si ukoo mmoja. Mwani wa kijani na ule mwekundu una ujamaa na mimea ya nchi kavu, lakini ule wa kahawia umetoka katika tawi la mbali kabisa, pamoja na hao viumbe vidogo wa picha yako ya pili. Andika "viumbe", au taja mwani tu bila kuufafanua. Vilevile usiseme mizizi, kwa kuwa mwani hauna mizizi ya kunyonyea maji. Kile kinachoushika mwambani waweza kukiita kishikizo, na sehemu iliyobaki ni mwili wake.

Kuhusu wingi, kamusi huliweka neno hili katika ngeli ya U-/I-, kwa hiyo miani ni Kiswahili halali. Hata hivyo, katika mazungumzo ya wanaolima na kuuza, utasikia "mwani mwingi", "mwani umepanda bei", "mwani wangu umeliwa na tasi", kwa sababu kwao ni kitu cha wingi kisichohesabiwa kimoja kimoja, kama mchanga na mchele. Miani hupata kazi pale tu unapohesabu aina: miani ya kijani, miani myekundu, miani ya kahawia. Kwa kuwa maonyesho yenu yanahusu aina nyingi, kichwa "Uzuri wa Miani" kinafaa, na maelezo yaliyo chini ya picha yabaki na "mwani".

Sasa nije kwenye maelezo uliyoniandikia. La kwanza linasema: "Mwani wa buluu uliopigwa picha na Anna Atkins." Sentensi hii ni fupi, lakini imebeba makosa mawili. Buluu ile si ya mwani bali ni ya karatasi. Atkins alitumia njia iliyotangazwa na John Herschel mwaka 1842: karatasi hupakwa maji yenye chumvi za chuma na kukaushwa gizani, kisha kitu hulazwa juu yake, kikagandamizwa kwa kioo na kuanikwa juani. Karatasi ikioshwa kwa maji, pale palipopigwa na jua pana buluu iliyokoza isiyotoka, na pale palipokingwa pamebaki peupe. Ukiitazama picha kwa karibu utaona kwamba kivuli hakikuwa sawa kila mahali: penye mshipa mnene pameachwa weupe kabisa, na penye utando mwembamba mwanga umepenya kidogo ukaacha rangi ya samawati hafifu, kiasi kwamba unene wa mwani unasomeka katika rangi ya karatasi. Ni ufundi uliokifaa mno kitu hiki, maana mwani umejaa nyuzi na matawi membamba ambayo mchoraji huchoka nayo.

Kosa la pili ni "kupigwa picha". Kwetu picha hupigwa kwa kamera, na hapa hapakuwa na kamera. Mwani wenyewe ulilazwa juu ya karatasi, ndiyo maana ukubwa wake pichani ni ukubwa wake halisi. Kitenzi kinachofaa ni "kuchapwa". Mimi ningeandika: "Mwani wa Uingereza, picha iliyochapwa kwa mwanga wa jua na Anna Atkins, kutoka kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1843." Kama nafasi ipo, ongeza kwamba kitabu hicho kilitolewa sehemu kwa sehemu kwa miaka kumi, na kwamba kwa kawaida huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha zilizotokana na mwanga badala ya michoro ya mkono. Majina ya miani yaliyomo ndani yake nayo yamechapwa kwa njia hiyohiyo, kwa maandishi meupe katika uwanja wa buluu.

Katika picha ya pili, darubini iwe hadubini. Darubini ni neno lenye asili ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni kuona mbali. Chombo cha kukuzia vilivyo karibu na vidogo ni hadubini. Najua watu wengi mitaani huita vyote darubini, lakini katika maonyesho ya shule tofauti hii inafaa kuhifadhiwa.

Viumbe wa picha hiyo ni diatomu, na jina hilo liachwe hivyo, kwani sijaona badala yake inayoeleweka. Diatomu ni seli moja iliyojifunika kwa silika, yaani maada ileile inayofanya kioo, na wengi wao hawazidi sehemu ya tano ya milimita moja. Umewaandikia "makombe", neno ambalo ningeliachia chaza na ndugu zake, "gamba" linatosha. Gamba la diatomu ni la vipande viwili, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine, navyo huvaana kama mkebe na kifuniko chake. Seli inapogawanyika, kila mtoto huondoka na kipande kimoja na kujitengenezea kingine cha kuingia ndani yake, kwa hiyo yule aliyerithi kipande kidogo huwa mdogo kuliko mzazi wake. Vizazi huendelea kudogoka hivyo mpaka uzazi wa jinsia unapowarudishia ukubwa wao wa asili. Vitundu na mistari iliyo juu ya gamba hupangika kwa ulinganifu unaomfanya mtazamaji adhani imechongwa, na hapo sioni ubaya wa neno "nakshi".

Lakini ua lile la diatomu mia kadhaa halikuota. Limepangwa na mtu. Katika karne ya 19 palikuwa na mafundi, akiwemo Mjerumani J. D. Möller wa mji wa Wedel, waliookota magamba moja moja kwa unywele mwembamba na kuyapanga juu ya kioo, huku jicho likiwa kwenye hadubini. Maelezo yako, "Diatomu wanavyoonekana chini ya darubini", yanawanyima mafundi haki yao na kumdanganya mwanafunzi kwamba majini wanaishi katika maumbo ya maua. Andika: "Magamba ya diatomu yaliyopangwa kwa mkono, yakitazamwa kwa hadubini."

Mkipata nafasi, wekeni kando ya picha hiyo kipande cha jiwe kutoka Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Ni jiwe jeupe, jepesi, linalomeguka kwa vidole, nalo limefanyika kwa magamba ya diatomu yaliyorundikana chini ya ziwa la kale. Huchimbwa hadi leo na hutumika, pamoja na mengine, kuchujia vinywaji. Jina lake ni diatomaiti, neno lisilo na ugumu kwa aliyekwisha kulijua la diatomu.

Kwa picha za Paje, lugha ya kufuata ni ya wakulima wenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa aina zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wengi wa wakulima ni wanawake. Umeandika "wanawake wakikusanya mimea ya bahari". Wao husema wanavuna mwani, na anayevuna alipanda. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huenda shambani kufunga vipande vidogo kwa taitai, yaani vikamba vya kufungia, kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi, na baada ya wiki kadhaa huvuna na kuanika. Vipande hivyo huviita mbegu. Mwalimu wenu wa biolojia, kwa mujibu wa barua yako, amelikata neno hilo kwa kuwa mwani hauna mbegu. Ningemwomba alirudishe. Mkulima wa muhogo naye huomba mbegu kwa jirani akapewa vipande vya shina, na hakuna aliyemwambia kuwa amekosea. Katika kilimo, mbegu ni chochote kinachopandwa ili kiote.

Pahali pagumu ni kwenye "mwani mwekundu". Aina mbili zinazolimwa huko, ambazo wakulima huziita spinosamu na kotoni, zote zimo katika kundi hilo, lakini kamba ikiinuliwa majini unaweza kukuta mwani wa rangi ya kijani, kahawia au manjano iliyofifia. Jina la kundi limetokana na rangi nyekundu iliyomo mwilini, ambayo haishindi rangi nyingine daima. Mtazamaji akisoma "mwani mwekundu" huku macho yakimwonyesha kijani atadhani mmekosea picha. Andika "mwani wa kundi jekundu", au tumia jina la wakulima, spinosamu, kisha ueleze kuwa uteute wake, karajinani, hutumika kuipa uzito dawa ya meno na vyakula kama aiskrimu.

Picha ya Natron haihitaji mengi. Flamingo limeenea na silikatai, ingawa Kiswahili kina heroe na ningefurahi kuliona likitumika. Chakula kikuu cha heroe wadogo wa maziwa ya magadi, kile kinachowapa rangi ya waridi, vitabu vingi hukiita "mwani wa buluu-kijani". Jina hilo ni la zamani, kabla haijafahamika vizuri kwamba viumbe hivyo ni bakteria. Katika maelezo ya picha ningeandika "bakteria wa buluu-kijani, ambao zamani walihesabiwa kuwa mwani", maana nje ya maabara bado watu wanawaita alga na mgeni atataka kujua kwa nini wamo katika maonyesho haya.

Inabaki picha ya kasa, uliyoiandikia "Kasa akila mwani". Kwa maelezo uliyonipa, kwamba majani ni marefu, bapa, yameota mchangani na chini yake kuna mizizi, sidhani kuwa ni mwani. Hizo ni nyasi za baharini, yaani mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, ambayo huliwa pia na nguva. Wavuvi wengi huziita mwani vilevile, na katika mazungumzo ya ngalawani sitawabishia. Katika maonyesho yanayohusu alga, hata hivyo, picha hiyo haina mahali, hata ikipendeza vipi. Iondoeni, au muiweke mlangoni peke yake yenye maandishi "Nyasi za baharini si mwani", mwanafunzi aanze kuutafuta mwani kabla hajaingia.