Faiba hadi mlangoni: jibu la mtu aliyechimba mitaro yake Tanga

Mtoa mada, swali lako, kama Tanzania nayo ipeleke faiba (nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga) hadi kila nyumba, ni zuri ila umelijibu mwenyewe kabla hatujaketi. Kwa kifupi umesema hivi: Australia, nchi tajiri, iliamua kupeleka faiba nyumba kwa nyumba, wakabishana miaka kumi, fedha zikateketea. Sasa sisi ambao mvua ikinyesha tunavua viatu barabarani tuna haraka gani? Simu zina 4G, inatosha, na asiyetosheka aunge bando kubwa.

Mimi ni fundi wa faiba, naishi Tanga mjini. Kabla ya ufundi nilikuwa kibarua wa sururu. Nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mkono, na hiyo Australia tutaipitia pia, maana umeisimulia nusu.

Mwaka 2010, Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya serikali, ulipokuwa unapitishwa ukanda wetu, nilichukua kazi ya kuchimba mtaro. Malipo kwa mita. Huko Muheza kwenye udongo mwekundu kijana mwenye afya alimaliza mita zake saba, nane kabla ya adhuhuri, akaenda kula machungwa. Tulipofika Pongwe mambo yakageuka. Chini pale ni jiwe la chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kimewekwa pale, na ni chokaa hiyohiyo iliyoliwa na maji ikatupa mapango ya Amboni. Unapiga mtaimbo, unakurudia mkononi. Kuna siku nilichimba sentimita 80, kutwa nzima.

Siku ya kulaza kebo ndipo nilipofumbuka macho. Nilitegemea kitu kizito, cha kubebwa na watu kumi. Ikaja kebo nyeusi, unene wa kidole gumba, na kwenye mtaro tuliouchimba wiki tatu ikalazwa asubuhi moja. Nikamuuliza msimamizi, bosi, humo ndani mna dhahabu? Akacheka, akasema humo mna kioo, na kioo ni mchanga. "Gharama," akasema, "ni nyinyi."

Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo jibu langu kwako. Watu wanabishana kuhusu spidi, mara megabiti ngapi, mara nani anahitaji spidi yote hiyo. Fedha haziendi kwenye spidi. Zinakwenda ardhini. Ukishachimba, kebo ya leo na ya miaka ishirini ijayo ni ileile, unabadilisha vifaa vya kila upande tu. Usipochimba vizuri mara ya kwanza, utalichimba tena jiwe lile la Pongwe.

Sasa Australia. Aprili 2009 serikali ya Waziri Mkuu Kevin Rudd ilitangaza mtandao wa taifa: faiba hadi mlangoni kwa asilimia 93 ya nyumba, shule na ofisi, megabiti 100 kwa sekunde, makadirio dola zao bilioni 43. Wapinzani wakasema ni anasa. Septemba 2013 wakashinda uchaguzi, sera ikabadilika: kwa nyumba nyingi faiba iishie kwenye kabati la mtaani, yaani sanduku la vifaa vya mtandao, na kutoka hapo hadi ndani utumike waya wa shaba wa simu ya mezani uliokwisha kuwapo. Spidi ya kuanzia ikashushwa hadi megabiti 25, na wananchi wakaahidiwa kwamba itakuwa haraka na rahisi, chini ya bilioni 30. Hesabu ilipofungwa ilivuka bilioni 50. Na mwaka 2020 serikali ya upande uleule uliokuwa umeikata faiba ikatangaza mabilioni mengine ya kuipeleka kwenye nyumba zilizoachiwa shaba. Nusu hiyo hukuiandika.

Sisemi mpango wa kwanza ungebaki kwenye bilioni 43. Nimefanya kazi na wakandarasi, najua makadirio yanavyonenepa. Lakini hasara yao kubwa haikuwa kuanza. Walipiga hatua, wakasimama kwenye kabati, kisha wakarudi kuchimba palepale. Shaba inachoka kwa umbali: mwenye nyumba jirani na kabati anafaidi, wa mita 700 anapata makombo. Mwanga kwenye faiba za majumbani unakwenda hadi kilomita 20 bila kifaa chochote cha umeme katikati, tena unagawanywa njiani kwa nyumba 32 au 64.

Na sisi hata shaba ya kubishania hatuna. Mtaani kwetu nyaya za simu za mezani ziliishia kwenye mizani ya chuma chakavu zamani sana.

Tumebaki na simu. Hapa nakubaliana nawe nusu. Kijiji cha milimani huko Lushoto, au vitongoji vya Pangani vyenye nyumba tano kila baada ya minazi mia, mnara ndiyo jibu, na pengine setilaiti. Sitamdanganya mtu kwamba faiba itapanda kila kilima. Mjini je? Mnara ni sinia moja la pilau: wakiwa wanne wanashiba, wakifika arobaini kila mtu analamba vidole. Na mnara wenyewe, ukiufuata chini, utakuta faiba imefika mguuni pake, la sivyo unahema. Kwa hiyo "4G badala ya faiba" ni kama kusema bomba badala ya maji.

Dada yangu ana steshenari Makorora. Kopi, pasipoti saizi, na msimu ukifika anawajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Usiku wa mwisho wa maombi, baada ya swala ya Isha, pale dukani walikuwa vijana kumi na wanne na simu moja ya kugawa mtandao. Kila mtu Tanga yupo mtandaoni saa zile. Cheti cha kuzaliwa kinapanda hadi asilimia 90, kinakwama, kinaanza upya. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anaangalia ile duara inazunguka, hasemi kitu. Hadi saa sita usiku wakawa wameingia kumi na watatu. Wa kumi na nne ni wa yule mama. Muda ulikuja kuongezwa, bahati yake, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Na siku ile bando la dada lilikula elfu tano, zaidi ya faida aliyoipata.

Hapo ndipo hadithi inaponiuma, maana faiba ipo. Inapita barabara kubwa, hatua 140 kutoka mlango wa dada. Nimezihesabu. Kampuni yenyewe, siitaji, miaka miwili sasa jibu ni lilelile: eneo lako bado halijafikiwa. Nilipombana kijana wa mauzo akasema ukweli: kuingia kichochoro kile kunahitaji kibali, kukata lami, na kuirudishia, kwa wateja ambao pengine ni sita. Hesabu hailipi. Na kwa hesabu zake hajakosea.

Lakini kichochoro kilekile nimekishuhudia kikichimbwa mara mbili. Kwanza bomba la maji. Halafu nguzo na mfereji wa maji ya mvua, lami ikakatwa, ikazibwa viraka. Mara zote mbili mtaro ulikuwa wazi, umekaa kinywa wazi siku kadhaa, watoto wanaurukaruka. Mtu angelaza bomba tupu la plastiki mle ndani, inchi moja tu, leo ningevuta kebo kwa dakika arobaini na kibali kisingehitajika. Hakuna aliyelaza, kwa sababu mwenye maji ana bajeti yake, mwenye barabara yake, na mwenye mawasiliano hakuambiwa.

Na si kukosa tu. Wakichimba bila kuulizana wanakata. Mwaka mmoja kijiko, mashine ile ya kuchimbia, kilipita Duga kikanyanyua kebo ya nyuzi 96 kama mtu anavyong'oa mzizi wa muhogo. Niliitwa saa mbili usiku, mvua ya masika. Kazi yenyewe ni hii: unamenya uzi hadi kibaki kioo chembamba kama unywele, unakifuta kwa spiriti, unakikata kwa kliva, kikatio maalumu cha kioo, unakilaza kwenye mashine uso kwa uso na mwenzake. Kwenye kioo cha mashine unaona vile viwili vinasogeleana, cheche moja, vimekuwa kimoja. Halafu unaanza cha pili. Mara 96, chini ya mwavuli ulioshikwa na mlinzi wa godauni, na kila kipande kilichokatwa unakiokota kwa utepe wa gundi maana kikikuingia kwenye ngozi hukioni. Mke wangu hadi leo haniruhusu kukaa mkekani kabla sijakung'uta suruali nje. Tulimaliza alfajiri. Lile la kijiko halikumgharimu mwenye kijiko hata senti.

Umegusia pia siku ile intaneti ilipozimika nchi nzima, ukasema faiba zenyewe zinakatika. Ndiyo, Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika. Lakini kumbuka, bando lako la simu nalo liliyumba siku ile. Simu na faiba zote zinategemea mikongo ileile ya baharini. Dawa yake ni njia nyingi zaidi, na hiyo haituondolei haja ya zile hatua 140.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa, sianzi na mabilioni. Naanza na sharti kwa halmashauri: asiyelaza bomba tupu asipewe ruhusa ya kufukia mtaro wa mjini. Wanasiasa hawatalipenda, bomba tupu halina utepe wa kukata.

Wiki iliyopita kichochoro cha dada kimefunguliwa tena, mfereji ule unakarabatiwa. Nimekwenda na bomba jeusi, mita 100, nimelinunua kwa fedha yangu. Msimamizi akaniuliza, mzee, hilo la nini? Nikamweleza. Akatazama saa, akasema soda ya vijana. Nikatoa. Vijana wakalilaza wenyewe, wakamwaga mchanga juu, na mwisho mmoja na mwingine nimeziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili panya wasiingie.