Jibu: Presha ya ukoo, je mama apimwe vinasaba kwanza?

Habari mkuu. Nimekuelewa: mama ana miaka 68, duka la dawa wamemkuta na 165/85, bibi alifariki kwa kiharusi, na unauliza kama apimwe vinasaba kabla ya kuanza dawa.

Msisubiri vinasaba. Presha ya kupanda inayowapata watu wengi hairithiwi kwa jeni moja. Ni tofauti nyingi ndogondogo za vinasaba, kila moja inaongeza kidogo sana, na majibu ya kuzipima kwa kawaida hayabadilishi matibabu. Habari ya bibi imeshakuambia ukoo una hatari.

Anza na kipimo cha presha chenyewe. Baba yangu hapa Temeke alikuwa akishuka daladala anapimwa papo hapo, anaongea, mkanda juu ya shati: 170. Nyumbani, ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo: 148. Bado iko juu, maana mpaka kwa kipimo cha nyumbani ni 135/85, ila si ile ya kututisha. Mpime asubuhi na jioni siku 7, andika kwenye daftari, mpeleke nalo kwa daktari. Mpime na akisimama, wazee wengine presha hushuka ghafla wakaanguka.

Namba ya juu kupanda peke yake uzeeni mara nyingi ni mishipa kukakamaa. Chumvi inazidisha. Kwetu tatizo halikuwa mboga, lilikuwa kopo la chumvi mezani, baba anainyunyizia kwenye muhogo wa kukaanga.

Akipinda mdomo au mkono ukilegea, hospitali saa hiyohiyo. Na wewe kapime, tafadhali.